Sura ya Tano: Fundo Kabla ya Sindano

Mtazame mama anayesubiri mtumbwi wa kuvuka Lualaba kwenda Alunguli. Mtoto yuko mgongoni, amefungwa kwa kikwembe. Kikwembe cha pili kiko kiunoni, kimeshikwa na mkunjo uliosokomezwa ubavuni. Cha tatu kimeviringishwa kuwa kata, kimekaa kichwani chini ya beseni la mihogo. Nauli ikidaiwa, atavuta pembe ya kile cha kiunoni, atafungua fundo kwa meno, na ndani yake zitatoka noti mbili za franka zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje ya hindi. Vitambaa vitatu, kazi nne, na sindano haijapita popote.

Ninaanza naye kwa sababu mara nyingi nikitaja kazi za mikono zisizohitaji kushona, naulizwa: hiyo umeisoma wapi? Nimeisoma kweli, katika vitabu vya Wazungu, na vitabu hivyo vilinichelewesha. Kila ukurasa unaanza na orodha ya vitu vya kununua: feliti ya rangi saba, kitambaa cha blanketi chenye manyoya, bastola ya gundi inayotaka umeme, utepe wa gundi unaoyeyuka chini ya pasi. Kindu tunaletewa bidhaa kwa treni kutoka Lubumbashi na Kalemie, kwa boti kutoka Ubundu, umbali wa kama kilomita 300 za mto, kwa ndege, na kwa vijana wanaosukuma baiskeli kutoka Kasongo zikiwa na mzigo mrefu kuliko wao. Treni ikikwama majuma matatu, watu husubiri chumvi na sabuni. Hakuna anayesubiri feliti.

Kwa hiyo katika sura hii nimepanga kazi kwa utaratibu wangu mwenyewe. Kwanza fundo. Linaposhindwa fundo, tunaviringisha au kupenyeza. Likishindwa hilo, tunatumia moto. Gundi nimeiweka nyuma kabisa, na sababu yake ni hali ya hewa. Ukame wetu ni mfupi, unakuja katikati ya mwaka, kama Juni hadi Agosti. Noeli na Bonane zinatukuta kwenye mvua, hewa imelowa hata ndani ya kabati. Kitu kilichogandishwa tarehe 20 Desemba kinaweza kufika tarehe 25 bado kinanata, au kimeshabanduka. Fundo halijali mvua. Likilowa linakaza zaidi.

Na lina sifa nyingine ninayoipenda kuliko zote: linafunguka. Zawadi iliyofungwa kwa kikwembe ikifunguliwa, mwenye zawadi anabaki na kikwembe. Karatasi ya kung'aa ya dukani ikichanika, inabaki takataka.

Kabla ya kukata chochote, ijue nguo yako. Kikwembe cha hapa kinauzwa kwa yadi: kipande kizima ni yadi 6, karibu mita tano na nusu, na hugawanywa mara tatu, yadi 2 kila kimoja, ya kufunga, ya kushonesha, na ya kubebea mtoto au kuweka akiba. Bei inategemea ukingo. Ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda, ambao mafundi huuacha uonekane makusudi, ndio cheti cha nguo. Wakubwa wetu walisoma huko majina ya Vlisco, wale Waholanzi wa Helmond walioanza mwaka 1846, na majina ya nyumbani pia: Sotexki ya Kisangani. Kalemie nako, upande ule wa reli, kulikuwa na Filtisaf, kiwanda kilichosokota na kufuma pamba. Siku hizi nguo nyingi sokoni zimetoka Asia, nyingine ni pamba, nyingine zina nailoni ndani, na muuzaji atakuapia kwamba zote ni waksi.

Usibishane naye. Chomoa nyuzi mbili za pembeni uziguse kwa moto wa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na jivu lake husagika kwenye vidole. Nailoni na jamaa zake hujikunja, huyeyuka, na hubaki kijidonge kigumu cheusi. Jaribio hili la sekunde tano litaamua kazi yako yote. Pamba inachanika kwa mkono lakini inatoa nyuzi pembeni. Ile inayoyeyuka haichaniki vizuri, ila ukingo wake unaweza kuuziba kwa mshumaa na hautatoa uzi tena maisha.

Kuchana ni ufundi ambao watu huudharau. Weka mkato mdogo wa mkasi ukingoni, urefu wa ukucha, kisha shika pande mbili uvute kwa nguvu moja bila kusitasita. Pamba iliyofumwa itafuata mshindio wake yenyewe, moja kwa moja hadi ukingo wa pili, imenyooka kuliko mkono wa mtu mwenye rula. Sauti yake ni kubwa. Watoto wanaipenda, na ukiwa nao watatu utapata tepe mia moja kabla chai haijapoa.

Lakini usichane kikwembe cha mtu. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipochukua kikwembe kutoka chini kabisa ya sanduku la mama, kwa kuwa kilikuwa hakivaliwi, nikakitengeneza mapambo ya ubatizo wa mdogo wangu. Mapambo yalisifiwa. Mama hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu ndipo dada mkubwa aliponieleza kwamba kile kilikuwa kimeletwa siku ya mahari yake. Hapa kwetu nguo haijawahi kuwa nguo tu. Kabla ya sarafu za Wabelgiji, kitambaa cha nyuzi za mwale kilivaliwa na pia kilinunua vitu. Wafanyabiashara waliotoka pwani walikiita kiramba. Kikwembe kilichokunjwa sandukuni bado ni fedha iliyolala. Mpaka leo, nikikuta kitambaa kizima, namwuliza mwenyewe mara mbili.

Mali yetu sisi ni mabaki. Baada ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, kila fundi mjini ana gunia la vipande vya nguo moja, maana kila chama kimeshonesha sare yake. Nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa, na usiende kama mkaguzi.

"Jambo fundi. Habari ya kazi?"

"Jambo mama. Kazi iko, pesa ndiyo haiko."

"Hivi vipande vya chini unavifanyia nini?"

"Ni vya kuwasha makala, mama. Lakini kama viko na kazi kwako, tutasikilizana."

Mtasikilizana. Nilichojifunza ni kurudi baadaye na kitu kimoja nilichotengeneza kutokana na vipande vyake, nikimwachia akitundike kibandani. Tangu hapo huniwekea vipande vikubwa juu.

Sasa furushi. Hii ndiyo kazi ya kwanza ninayomfundisha mtu yeyote, na wengine hawahitaji ya pili. Upana wa kikwembe ni kama sentimita 117, na yadi 2 ni sentimita 183. Ukikata miraba ya sentimita 58, unapata miwili kwa upana na mitatu kwa urefu: zawadi sita kutoka kikwembe kimoja. Kwa kipande kizima cha yadi 6 ni kumi na nane, zinatosha darasa dogo la Jumapili.

Tandika mraba chini, uso wa maua ukitazama sakafu, pembe moja ikikutazama wewe. Weka mzigo katikati. Mzigo usizidi theluthi ya urefu wa kutoka pembe hadi pembe. Kwa mraba wetu hiyo ni kama sentimita 27, nafasi ya kutosha mche wa sabuni uliokatwa, pakiti ya sukari na kopo la maziwa, yaani vitu vile vile tunavyompelekea mwanamke aliyejifungua. Lete pembe ya karibu juu ya mzigo, ncha yake uisokomeze chini. Lete ya mbali ifunike. Inua ya kushoto na ya kulia, zikutane juu, funga.

Hapo kwenye kufunga ndipo watu wanapoharibu. Sote tunafunga haraka, kulia juu ya kushoto, halafu tena kulia juu ya kushoto, na fundo linalotokea limepinda, masikio yake yanasimama moja mbinguni moja ardhini. Fundo hilo hulegea usipotaka na hukataa kufunguka unapotaka. Lililo sahihi ni kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Masikio hulala moja kwa moja pande mbili, kama mbawa za ndege. Ni fundo la wauguzi wa Msalaba Mwekundu, kwa sababu linalala bapa juu ya bandeji na halimchomi mgonjwa. Na lina siri: shika sikio moja, ulivute kwa mkupuo kuelekea upande wa pili, fundo litageuka kuwa kitanzi kinachoteleza. Limefunguka. Jaribu mara kumi kwa kamba ya kiatu kabla ya kugusa kitambaa, mpaka mkono ujue bila wewe kufikiri.

Kwa chupa mbili, tuseme za juisi kwa ajili ya Bonane, mraba wa 58 hautoshi. Tafuta wa yadi moja kila upande. Laza chupa kwenye pembe iliyo karibu nawe, vitako vikitazamana, kati yao upana wa kiganja. Viringisha hadi pembe ya mbali. Zisimamishe, zinakunjika pale penye nafasi na kusimama bega kwa bega; ncha mbili zilizobaki zifungwe juu. Una mpini, na chupa hazigongani hata ukipanda pikipiki kwenye njia zetu, jambo ambalo nimelihakikisha mwenyewe kwa wasiwasi mkubwa.

Wajapani wana sanaa hii tangu zamani, na jina lao litakuchekesha: furoshiki. Halina undugu na furushi letu. Lao linatokana na bafu, kitambaa cha kutandika mtu akioga na kufungia nguo zake. Mwaka 2006 waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alikitangaza upya ili watu waache mifuko ya plastiki. Sisi nasi tulipata amri yetu ya kupiga marufuku vifuko vya plastiki mwishoni mwa 2017, miezi michache baada ya Kenya. Ukitaka kujua imetekelezwa vipi, tazama mtaro wowote baada ya mvua. Na bado mama wa Alunguli anajua kufunga mzigo katika kitambaa bila waziri kumfundisha. Kilichotutoka ni kuona kwamba kufunga huko kunaweza kuwa kwa heshima, kwa sherehe. Tulianza kuamini kwamba furushi ni la msafiri maskini na karatasi ya kung'aa ndiyo kado.

Nikiwa bado kwenye plastiki, niseme mfuko wa fulana. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulituachia fulana nyingi zenye nyuso, na wengi wetu hatujui tuzifanyie nini baada ya nyuso hizo kushinda au kushindwa. Fulana ni nguo iliyosukwa kwa vitanzi, haikufumwa kwa mtande na mshindio, na kwa hiyo ukiikata haitoi nyuzi. Ukiuvuta utepe wake unajikunja wenyewe kuwa kamba. Kata mikono, ukifuata mishono yake. Kata shingo kwa duara pana. Mabega yaliyobaki ndiyo mipini. Igeuze, ndani ije nje, na mgombea aingie gizani. Chini kabisa, kata tabaka zote mbili kwa pamoja kuwa vidole vya upana wa sentimita 3 na urefu wa 10. Funga kila kidole cha mbele na pacha wake wa nyuma. Utaona matundu kati ya mafundo, na watu wengi huishia hapo, halafu vitunguu vinamwagika njiani. Rudi mwanzo: sikio moja la kila fundo lifungwe na sikio la jirani yake, mpaka mwisho. Geuza tena ukitaka mgombea aonekane, au umwache alipo. Mfuko wa namna hii unabeba kilo tano za mchele, na mchele kwa Maniema si mzigo wa mfano. Ndiyo kipimo chetu.

Mto wa mafundo ni ndugu wa mfuko huo, ila wenyewe ni wa kukaa sebuleni na kupokea sifa. Unataka miraba miwili ile ile ya sentimita 58, mmoja wa maua, mwingine wa rangi moja, iliyofuliwa mara moja ili wanga wa kiwandani utoke na pamba ijibane. Iweke mgongo kwa mgongo, nyuso nje. Kwenye kila pembe kata na uondoe mraba mdogo wa sentimita 8. Sasa kila upande una sentimita 42 za kukata vidole, kina 8, upana 3: kumi na vinne kwa upande, hamsini na sita kwa mto wote. Funga pande tatu, jaza, kisha funga wa nne. Vitabu vya Marekani vinatumia blanketi la manyoya kwa sababu halitoi nyuzi. Pamba yetu itatoa, na mimi nimeacha kupigana nayo. Nafunga fundo karibu na mwili wa mto, nalikaza sana, kisha nachambua ncha kwa vidole mpaka zinakuwa kama ndevu. Ilikuwa kasoro, sasa ni mtindo.

Kujaza, tumia sufi. Msufi unajulikana, na maganda yake yakikauka na kupasuka utaiona ile pamba ya hariri ikipeperuka. Okota, toa mbegu, anika juani. Funika pua kwa kitambaa, vinginevyo utapiga chafya mpaka jioni. Na sikiliza: sufi hushika moto upesi kuliko kitu chochote nyumbani mwako, kwa hiyo mto huu usikae karibu na mshumaa, wala mbabula, wala mtu anayevuta sigara akiwa amesinzia. Kwa nyumba inayotumia mishumaa kila usiku, jaza vipande vya fundi vilivyokatwa vidogo. Mto utakuwa mzito, lakini mtalala salama.

Nyumba ikiwa na sherehe, kazi inabadilika. Zawadi mtu anaiangalia kwa karibu. Pambo la sherehe linaangaliwa kutoka mbali, kwa saa sita, na watu wanaokula. Usipoteze usiku kwa ufundi mdogo mdogo. Chukua kamba ya urefu wa ua, funga tepe za kikwembe juu yake kwa fundo moja moja, ndefu na fupi zikipishana, na umemaliza. Upepo utafanya kazi iliyobaki. Viti vya plastiki vya kukodi, vile vyeupe vilivyochoka, vizungushie utepe mmoja mpana mgongoni, fundo nyuma. Nimeona ukumbi wa harusi ukibadilika kwa yadi 12 za kitambaa na wasichana wanne wenye haraka.

Magunia ya mchele yaliyofumwa kwa nyuzi za plastiki ni bendera zinazosubiri. Kata pembetatu, pitisha ukingo haraka karibu na mwali wa mshumaa, usiuguse, na nyuzi zitashikana. Fanya nje, kwa maana moshi wake ni mbaya, na watoto wakae mbali. Badala ya kushona kwenye kamba, toboa matundu mawili marefu juu ya kila pembetatu na upenyeze kamba. Bendera hizi nimeziacha kwenye ua tangu Noeli hadi Pasaka, na mvua zote zikapita juu yake.

Shada la duara ndilo linaloombwa zaidi, na linaombwa kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni mlango wa Noeli. Chukua waya wa breki ya baiskeli, uukunje duara la upana wa sentimita 30, ncha zifungwe kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Mpira huo, ule vijana wa Kasongo wanaofungia mizigo, ndio lastiki bora kuliko zote za dukani. Kata pete nyembamba, weka mfukoni, utazitumia kila siku. Kisha tepe za sentimita 3 kwa 18, kila moja ifungwe fundo moja juu ya waya na kusukumwa imbane jirani yake. Zitaingia kama tisini, yaani karibu mraba mmoja na nusu wa furushi. Kwanza utaona mifupa, utakata tamaa. Endelea, uzuri wake wote uko katika tepe thelathini za mwisho.

La pili ni la tarehe 1 Agosti. Siku ya wazazi asubuhi tunakwenda makaburini, tunafyeka majani, tunaosha misalaba na mawe, na alasiri tunawarudia wazazi walio hai kwa chakula. Maua ya plastiki yanauzwa siku hiyo kwa bei ya siku hiyo. Kwa kaburi mimi hutumia tepe nyeupe na nyeusi, au nguo ya marehemu mwenyewe kama familia imekubali, na sichanganyi plastiki yoyote, kwa kuwa pamba itaoza pale pale kwa adabu. Mwaka mmoja nilitengeneza mashada mawili kutoka nguo moja, moja la kaburi la babu, jingine la kiti cha bibi. Bibi aliligusa, akauliza kama anatakiwa kufa ndipo alivae, kisha akalivaa kichwani mpaka wageni wakaondoka.

Idi sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa sahani. Uislamu ulifika Maniema na misafara ya karne ya 19, Nyangwe na Kasongo, na sahani ya kumpelekea jirani, Mwislamu au si Mwislamu, inatembea mitaa yote ya Kindu siku hiyo. Mraba wa furushi, fundo sahihi juu ya kawa au sahani ya pili iliyogeuzwa, na mchuzi haumwagiki. Tende ziende kwenye kifurushi cha nusu mraba.

Na majani je? Jani la mangungu ndilo karatasi ya kufungia ya kwanza ya msitu huu. Lipitishe juu ya moto mpaka liwe laini na ling'ae, funga samaki au keki ya mihogo, kaza kwa uzi wa mgomba. Kila mtu anayesoma ukurasa huu anaijua kazi hii kuliko mimi, napita. Nataja tu kwamba kwa sherehe ya watoto, vifurushi ishirini vya karanga katika majani, vilivyopangwa kwenye ungo, vilimalizika kabla ya biskuti za dukani. Na kwa wasusi wa mikeka, mkindu ni mtende wa porini na majani yake ya kusuka huitwa kindu. Kuishi katika mji wenye jina hilo na kununua utepe wa nailoni kunanipa aibu kidogo.

Tumefika kwenye gundi, kwa shingo upande. Gundi ya maji ya dukani inafaa. Inayokauka mara moja inafaa kwa plastiki na kwa kugandisha vidole vyako. Ya nyumbani ni muhogo: unga laini uliochekechwa kijiko kimoja, uukoroge katika maji baridi kidogo mpaka usiwe na madonge, umimine kwenye maji yanayochemka vijiko saba, ukoroge mpaka weupe ugeuke kioo. Ipoe. Inashika karatasi kwa karatasi na pamba kwa karatasi, ndiyo gundi ya kadi, ya bahasha, ya makopo yaliyovalishwa kikwembe kuwa vyombo vya kalamu. Pika ya siku mbili tu, ya tatu itanuka. Na kitu ulichokigandisha kwa muhogo ni chakula: mende wanajua, panya wanajua. Kopo la kalamu litakaa mezani salama, lakini usihifadhi kadi hizi katika sanduku la nguo.

Kazi moja ya gundi naitetea, nayo ni bangili. Kata pete ya upana wa vidole viwili kutoka chupa nene ya plastiki, ukingo uupitishe motoni usikwaruze, kisha uviringishe utepe wa kikwembe ukipishanisha nusu kwa nusu, tone la gundi mwanzo na tone mwisho. Hapo nimetumia matone mawili tu, dhamiri haijanisuta. Wasichana wa darasa langu walizitengeneza kwa mabaki ya sare ya mama zao, na tarehe 8 Machi iliyofuata kila mama alipita barabarani mkono wake ukifanana na nguo yake.

Kuna jambo la adabu ambalo vitabu vya Wazungu havilitaji. Furushi likifika nyumbani kwa mtu, kitambaa ni chake, usikidai. Lakini kwetu chombo hakirudi kitupu, na watu wameanza kukihesabu kitambaa kuwa chombo. Furushi langu la kwanza kabisa, la maua ya bluu, nilimpelekea binamu aliyejifungua upande wa Alunguli. Nilikuwa bado sijajua fundo la wauguzi. Nililifunga vile tunavyofunga wote, masikio juu na chini. Miezi saba baadaye mtoto wa jirani yake alivuka na mtumbwi, akaniletea kitambaa kile kile kikiwa na karanga za kukaanga. Alisema, "Mama anasema, yako tulifungua kwa kisu." Kweli, pembe moja ilikuwa imekatwa. Nilipogeuza furushi nifungue, fundo lake lilikuwa limelala bapa, masikio kulia na kushoto. Nilivuta moja, likateleza.